Swali la Saba Mbele ya Wafungwa

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Alhamisi, nilijichoma kidole changu mwenyewe mbele ya uwanja mzima wa wafungwa, na tangu dakika hiyo mpaka giza lilipoingia sikuwa tena mtu mwenye siri. Nasema mapema kwamba niliaibika, na bado naona haya, na kuna njia moja kwetu Boito ambayo mpaka leo siipiti saa ambazo akina mama wanapeleka majani ya chai kupimwa, naona afadhali nizunguke kwa bonde nilowe umande mpaka magotini.

Mimi ni mkulima mdogo wa chai na mhudumu wa afya ya jamii. Shule niliachia kidato cha pili kwa sababu ya karo, lakini kusoma sikuacha. Kila kijitabu cha afya kinachonifikia nakisoma mara tatu: mara ya kwanza nielewe, mara ya pili nipigie mistari, na mara ya tatu nimsomee mke wangu Emmy jikoni (yeye anapika, mimi nasoma, na hana pa kukimbilia). Majirani wananiita Daktari. Jina hilo ni nusu heshima na nusu mzaha, na sijawahi kuuliza nusu ipi ni kubwa.

Sasa, kuna timu ndogo inayoingia gerezani kuwauliza wafungwa waliowahi kutumia dawa za kulevya maswali ya kujua ni nani yuko kwenye hatari ya magonjwa ya kuambukiza: kifua kikuu, virusi vya Ukimwi, homa ya ini. (Gereza lenyewe silitaji. Liko upande wa Kericho na hiyo inatosha.) Mfungwa anaingia hemani peke yake, anaulizwa kwa sauti ya chini, anatolewa tone la damu, anaenda zake. Timu ni Sister Akinyi, muuguzi ambaye wazazi wake walitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai na yeye akazaliwa huku huku, pamoja na mimi, niliyechukuliwa kwa sababu nazungumza Kipsigis na nina subira. Maswali yale niliyakariri nyumbani jioni nyingi, Emmy akiwa mfungwa wangu wa mazoezi. Namwuliza kwa sauti ya kazi, "Umewahi kujidunga dawa ya kulevya?" Ananijibu, "Nijidunge saa ngapi, na ng'ombe wako hawajakamuliwa?"

Asubuhi hiyo hakuna mfungwa aliyeingia. Hema lilikuwa pale katikati ya uwanja, limefungwa vizuri, meza iko, glavu ziko, na wanaume wamekaa chini kwa mistari wakitutazama kama watu wanaongoja mvua ipite. Nilijua sababu. Ukiingia ndani ya hema lile wenzako wote wameshajua wewe ni mtu wa dawa, na askari naye ameshajua, na jioni kitanda chako kitapekuliwa. Sister Akinyi akaninong'oneza kwamba mkubwa wa gereza ametupa siku hii moja tu, na wasipoingia leo hema halitarudi.

Hapo nikasimama nikaanza kufundisha. Nilieleza virusi ni nini, nikaeleza ini linakaa wapi, nikainua kile kipimo kidogo cha plastiki juu nikawaambia mstari mmoja maana yake hakuna kitu, mistari miwili maana yake kuna jambo la kufuatilia. Nilisema kwa muda mrefu na kwa utaratibu, kama ninavyopenda. Mbele kabisa alikaa kijana mmoja mrefu anayeitwa Ouma, mtu wa mzaha, aliyekuwa ameletwa huko baada ya maisha ya mitaani Kisumu, na ndiye aliyenikatiza.

"Daktari," akasema, "maneno yako ni matamu kama ya mchungaji siku ya sadaka. Wewe mwenyewe umepimwa?"

"Nimepimwa Ukimwi mimi na mke wangu," nikajibu.

"Na hiyo ya ini?"

"Hiyo bado."

"Yawa!" akageukia wenzake. "Mpishi hali chakula chake, na sisi ndio tunasukumiwa sahani!"

Wakacheka, hata askari wakacheka. Ndipo nikafanya ule uamuzi mdogo. Nikasema nitajipima mimi mwenyewe, hapa hapa, nje ya hema, maswali nijiulize kwa sauti na damu nijitoe mkiona, na kipimo kikae juu ya meza mpaka kisomeke.

Sister Akinyi akanivuta mkono wa koti. "Mzee, ingia ndani ya hema."

"Wanaogopa wasichokiona," nikamwambia. "Wakiona ni mistari tu, wataingia."

"Na ikiwa miwili?"

Nikatabasamu. (Tabasamu hilo ndilo ningelinunua tena leo nilirudishe mfukoni.) Nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu. Sijawahi kujidunga kitu, sina tatuu, sijawahi kuongezewa damu, chang'aa naijua kwa harufu tu. Katika magonjwa yote yaliyokuwa juu ya meza ile nilichagua homa ya ini aina ya C kwa sababu niliona haina njia ya kunifikia. Nikajichoma kidole, nikaweka tone la damu, nikaongeza yale maji yake, nikakiweka kipimo juu ya kitambaa cheupe ili hata wa nyuma waone. Dakika ishirini za kungoja, na ndani ya dakika hizo ndimo nijiulize maswali.

"Naweka kipande cha sabuni!" Ouma akapaza sauti. "Mstari mmoja! Mzee huyu ni msafi, mwone hata kola!"

"Miwili!" mwingine akajibu kutoka nyuma. "Hawa wasafi ndio wabaya!"

Sabuni gerezani si kitu cha kuchezea, kwa hivyo sasa kila mtu akanyoosha shingo.

Nikaanza. Swali la kwanza, umewahi kujidunga dawa? Hapana. La pili, umewahi kutumia sindano ya mwenzako? Hapana. La tatu, kuchorwa tatuu? Hapana. La nne, hapana. Mambo yanaenda sawasawa, sauti yangu imetulia, nimeshika kiuno kama mwalimu mkuu. La tano, umewahi kunyolewa kwa wembe uliomnyoa mwingine? Nikawaza, nikasema ndiyo, utotoni, na wao wakapiga kelele, "Sisi hapa tunanyolewa kwa wembe mmoja kama kondoo!" na mimi nikafurahi kwa sababu nikaona wanaelewa. La sita likapita. Kisha mdomo wangu, ambao ulikuwa unajua yale maswali kuliko ninavyojua sala ya Bwana, ukatoa la saba.

"Umewahi kukatwa ngozi, kwa tiba au kwa mila, kwa kisu kilichotumiwa kwa mtu mwingine?"

Wazee wa kwetu wakainua vichwa.

Naomba mnielewe hapa. Swali lile nilikuwa nimeliuliza mara nyingi sana, lakini ndani ya hema, mtu na mtu, kwa kunong'ona, na mfungwa Mkipsigis akinijibu kwa kutikisa kichwa tu nami naelewa. Sikuwahi kulisikia nje kwenye hewa. Sasa nililisikia. Mambo ya jando, yale yanayotendeka vijana wakiwa wametengwa kwenye kibanda cha menjo, mtu wa kwetu hayasemi mbele ya mwanamke na hayasemi mbele ya mtu ambaye hakupitia. Na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya Sister Akinyi na nusu ya uwanja iliyotoka upande wa ziwa, ambako hakuna jando.

Katika mstari wa pili akainuka Arap Mosonik, mfungwa mzee kuliko wote, mtu ambaye hata askari wanamwamkia. Hakupaza sauti.

"Mwanangu," akasema, "hilo umeliuliza mbele ya nani?"

Mtu mwenye akili angekohoa, angesema la nane. Lakini mimi nimejifunza kwa vitabu, na mtu aliyejifunza kwa vitabu peke yake ana ugonjwa wake, anaona aibu kuruka ukurasa. Nikajiambia nikiliruka mimi, wote watajua kwamba maswali yanarukwa, na kazi itakuwa bure. Kwa hivyo nikajibu. Nikasema, "Ndiyo." Na kama hiyo haitoshi (nikikumbuka hapa hata sasa masikio yanawaka), nikaongeza, kwa ajili ya usahihi, "Kisu kimoja, sisi sote wa kibanda kile."

Kelele iliyotoka hapo siwezi kuiandika. Wazee wa kwetu waliinuka wote. Mmoja alinigeuzia mgongo. Wale wa ziwani walikuwa wanajipiga makofi mapajani, na Ouma akapiga kelele, "Kumbe ndiyo siri yenyewe! Miaka yote mnatutisha na siri, kumbe ni uchafu wa kisu!" na kijana mmoja Mkipsigis akamrukia shingoni, na askari wakapuliza filimbi, na Sister Akinyi, maskini, alikuwa ameangalia juu angani kana kwamba anasoma mawingu, ili nisije nikadhani amesikia.

Walipotulizwa wakakaa, sauti moja nyembamba ikatoka upande wa meza.

"Mistari ni miwili."

Sister Akinyi aliweka kiganja juu ya kipimo, lakini alichelewa. Nilikuwa nimeona. Mstari wa pili haukuwa mzito, ulikuwa kama ulipigwa kwa penseli na mtu aliyejuta, lakini ulikuwa pale, na kitabu changu mwenyewe kinasema mstari hafifu ni mstari.

"Sabuni yangu," Ouma akasema polepole, na hakuna aliyecheka.

Sister alinivuta ndani ya hema, akanifunga mpira mkononi akatoa damu ya kutosha chupa moja, huku akininong'oneza mambo ambayo nilikuwa nayajua yote kwa moyo: kwamba kipimo hiki kinaonyesha tu mwili uliwahi kukutana na virusi, kwamba huenda vipo na huenda viliondoka vyenyewe zamani, kwamba kipimo cha pili cha hospitali ndicho kitakachosema. "Unaelewa, mzee?" Nikasema naelewa. Sikuelewa chochote. Nilikuwa natazama nje kwa upenyo wa hema, kwa sababu Sajini Bett alikuwa anatembea kuelekea lango huku ameweka simu sikioni.

Sajini Bett ni mtu wa kwetu Boito. Tunasali kanisa moja. Mke wake na Emmy wako chama kimoja cha akiba cha akina mama, na chama hicho hukutana Alhamisi, na Alhamisi hiyo zamu ilikuwa ya nyumbani kwangu. Kufikia saa nane akina mama wote watakuwa wameketi kwenye viti vyangu.

Nilitaka kuondoka wakati ule ule, nimfikie Emmy kabla ya maneno. Kumpigia simu sikuweza. Simu yangu ilikuwa imeachwa langoni kama sheria inavyotaka, na hata ningekuwa nayo, jambo kama hili unalisemaje kwa simu, mwenzako ameshika birika na wageni wanamtazama? Nikavaa koti. Nikatoka hemani. Na pale nje, nikamkuta nani amesimama? Ouma.

"Mzee," akasema, na sasa hakuwa na mzaha hata kidogo, "utafanya nini sasa?"

"Damu imechukuliwa. Nitapimwa tena hospitalini."

"Na ukiwa nayo?"

"Nitakunywa dawa. Ni vidonge, kama miezi mitatu hivi, na wengi hupona kabisa."

Akanitazama. "Inapona?"

"Inapona."

"Si umetuongelesha hapa asubuhi nzima! Umetuonyesha ini, umetuonyesha mistari, mbona hukusema inapona?"

Nilikuwa nimeeleza kila kitu ila lile neno moja. Ouma akageuka akawaambia wenzake, "Inapona, jamani," kisha akainama akaingia hemani peke yake, mbele ya macho yao wote. Baada yake akaingia mwingine. Halafu mwingine akainuka akapanga foleni. Ndani ya muda mfupi foleni ilikuwa imezunguka nguzo ya bendera, na Sister Akinyi akatoa kichwa nje akaniambia kwa upole, "Mzee, sitaweza peke yangu. Vua koti."

Nikavua koti. Ndiyo kazi niliyokuwa nimeiomba, na ndiyo ilinifunga pale mpaka saa kumi, nikimwambia mtu baada ya mtu, "Majibu yako ni siri kati yako na mimi," huku siri yangu mwenyewe ikipanda milima kwenda Boito. Nilikuwa nikisikia mlio wowote wa simu ya askari natoka jasho. Mfungwa mmoja aliniuliza kama ninaumwa. Arap Mosonik mwenyewe aliingia karibu na mwisho, akakaa, akajibu yote, na nilipofika la saba nikainua kalamu nikamtazama.

"Andika unachojua," akasema. Kisha akaniinamia. "Mimi nimefungwa, siwezi kukufanya kitu. Lakini watu wa rika lako wako nje. Neno litawafikia."

Nilifika Mogogosiek, soko la karibu na kwetu, mvua inanyesha, nikachukua bodaboda. Kijana wa bodaboda ananifahamu. Alinitazama kwenye kioo, akatazama tena, kisha akasema kwa huruma, "Pole sana, Daktari. Dhamana ilikuwa pesa ngapi?"

"Dhamana gani?"

"Si umeachiliwa?"

Ndipo nikajua habari imefika, na haikufika peke yake, imechukua wageni njiani. Sajini Bett alikuwa amemwambia mkewe (hili nililithibitisha baadaye, na ameniomba msamaha) kwamba Daktari amepatikana na ugonjwa kwenye vipimo vya watu wa dawa. Mkewe akasema Daktari amepatikana gerezani, mambo ya dawa. Kufika kituo cha kupimia majani, nilikuwa nimekamatwa nikiingiza dawa za kulevya gerezani ndani ya glavu. Kwenye njia panda mzee mmoja alinipungia kofia akasema Mungu ni mwema, kesi nyingine huanguka zenyewe. Sikusimama kueleza. Nilimwambia kijana aongeze mwendo, akaongeza, tukaanguka kwenye tope hatua chache kutoka langoni kwangu, kwa hivyo niliingia nyumbani nikiwa nimepakwa udongo mwekundu kutoka kiatu mpaka sikio, na kusema kweli nilifanana kabisa na mtu aliyetoka rumande.

Akina mama walikuwa bado wamo. Walikuwa wamemaliza chai lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka. Nilisalimu, "Chamgei," wakaitikia kwa sauti moja ya chini kama ya matanga, na mama mmoja akavuta kikombe chake akakiweka magotini. Emmy alikuwa amesimama kando ya kabati, uso wake haukuniambia kitu.

"Wamama," akasema, "tufunge na maombi."

Aliyeombwa kufunga ni mke wa Sajini Bett. Aliombea wasafiri, akaombea ndoa zinazojaribiwa, akaombea wanaume wanaoonekana ni waaminifu mchana, akaombea magereza yote ya Kenya na walio ndani yake na wanaoelekea huko, na muda wote huo mimi nilisimama mlangoni nikidondosha tope kwenye mkeka. Nilisema amina mara mbili kabla hajamaliza. Haikusaidia.

Walipoondoka Emmy alifunga mlango. Hakulia, hakupiga kelele. Alinivutia kigoda kimoja, akavuta kingine, akakaa mkabala nami, akaweka mikono magotini, na kwa sauti yangu mimi, ile sauti ya kazi ambayo nilimchosha nayo jikoni jioni zote zile, akasema:

"Karibu. Majibu yako ni siri kati yako na mimi. Umewahi kujidunga dawa ya kulevya?"

"Emmy, wacha nikueleze..."

"Jibu swali."

"Hapana."

"Umewahi kutumia sindano ya mwenzako?"

"Hapana."

Aliyajua yote. Hakukosea hata moja, wala mpangilio. Nilikuwa sijui kumbe anasikiliza. Alipofika lile la nne, umekuwa na mpenzi zaidi ya mmoja, sauti yake ilikwaruza, na swali ambalo jikoni lilikuwa likimfanya acheke mpaka ashike ukuta sasa lilikuwa limekaa katikati yetu kama mtu wa tatu. Nikamtazama machoni nikasema hapana. Alinitazama kwa muda mrefu, mpaka nikasikia maji ya mvua yakidondoka kwenye pipa. Kisha akasema, "Naendelea."

La tano. La sita. Halafu akafungua mdomo kwa la saba, na hapo ndipo palikuwa na jibu langu lote, njia pekee ninayoijua ambayo virusi hivyo vingeweza kunipata bila kumwaibisha yeye, na ndiyo njia ambayo mwanamume wa kwetu hawezi kumfungulia mke wake mdomo. Wafungwa walikuwa wameisikia. Mke wangu sikuweza kumwambia. Nilikaa pale nikiwa mtu mzima wa miaka hamsini na tatu, nikikwangua tope mikononi.

Emmy akaangalia uso wangu. Akaangalia mikono yangu. Kisha akafunga mdomo wake polepole.

"Hilo tuliruke," akasema. Halafu akaongeza, "Kumbe ni hilo."

Akainuka akaniwekea maji ya kuoga motoni.

Kungoja kwenyewe kulikuwa kubaya kuliko siku ile. Najua, na nimefundisha kanisani, kwamba homa hiyo haienezwi kwa kikombe wala kwa kusalimiana, na bado nilikuwa naosha kikombe changu mara mbili nikidhani Emmy haoni. Wembe wangu niliuficha juu ya dari. Kumenya viazi nikakataa, nisije nikajikata, mpaka Emmy akaniuliza kama hicho kitabu changu kina ukurasa wa uvivu. Kwenye kituo cha kupimia, mama aliyekuwa nyuma yangu aliburuta gunia lake mbali na langu, na karani akamwambia, "Majani hayaambukizi, mama," akidhani ananitetea. Usiku nilikuwa nagusa upande wa kulia chini ya mbavu, mahali nilipowaonyesha wafungwa kwa kujiamini sana, nikisikiliza kama kuna kitu kinauma.

Sister Akinyi alipiga simu nikiwa shambani. "Majibu yametoka, mzee. Njoo na mama."

"Niambie sasa hivi."

"Majibu hayatolewi kwa simu. Si wewe ndiye uliyenikumbusha sheria hiyo?"

Ni mimi. Nilimkumbusha mara mbili. Nilikaa chini katikati ya michai nikajilaani mimi na sheria.

Tulienda hospitalini kesho yake, na Emmy akapimwa kwanza, akasomewa kwanza: hana kitu. Nilishusha pumzi iliyokuwa kifuani tangu Alhamisi ile. Halafu Sister akanisomea mimi. Virusi havikuonekana. Mwili wangu ulikutana navyo zamani, ukapigana navyo kimya kimya, ukavimaliza, na haukunitumia hata salamu. "Vilikupata wapi, hakuna wa kujua," Sister akasema, na akaangalia mawingu kupitia dirishani kama siku ile. Emmy akaangalia mawingu naye.

Watu wa rika langu walikuja Jumamosi. Hawakuniuliza ninaendeleaje. Waliketi nje, kisha mkubwa wao akasema nimewavua nguo mbele ya watu, na nitoe kondoo na sukari. Nilitoa. Niliwaeleza pia habari ya kisu kimoja na ini, kwa sauti ya chini, sisi wenyewe kwa wenyewe, na hapo ndipo walipoacha kuniangalia vibaya wakaanza kuangaliana. Wanne kati yao wameshapimwa. Majibu yao siyajui, na ningeyajua msingeyapata kwangu.

Ya Ouma pia hamtayapata. Nitasema tu kwamba hema lilirudi, na nilipomwona aliniuliza la kwanza kabisa, "Mzee, mstari wako umeishia wapi?" nikamjibu umeisha, na yeye akasema, "Basi mimi ndiye niliyesema kweli. Sabuni yangu irudi."

Tangu hapo swali la saba naliuliza hema likiwa limefungwa na Sister akiwa nje, na mahali popote nikiona watu zaidi ya mmoja, mimi ni mtu wa kusikiliza. Kama kuna wa kujipima mbele ya uwanja ili kutoa mfano, nitampigia makofi nikiwa nimekaa.

Bodaboda, nauli ya hospitali ya watu wawili kwenda na kurudi, kondoo na sukari ya rika, vimenila shilingi elfu tisa na mia tano. Emmy anasema ni elfu tisa na mia saba, kwa sababu yeye anahesabu na mche wa sabuni niliompelekea Ouma.